Kabla Hujanunua Starta Laini

Kwenye vituo vya biashara vya Lunyo, wilayani Busia upande wa Uganda, hakuna anayehitaji kuambiwa kwamba kisiagi kimewashwa. Taa ya kinyozi hufifia, mashine yake ya kunyolea hupunguza sauti kana kwamba imechoka, friji ya muuza soda hugutuka, kisha baada ya sekunde nne au tano mwanga hurudi na mngurumo wa nyundo huanza. Majirani wamezoea. Mwenye kisiagi naye amezoea. Isiyozoea ni mota. Katika sekunde hizo chache hupata mateso makubwa kuliko yote itakayoyapata siku nzima ikisaga mahindi na muhogo mkavu.

Ndiyo maana siku hizi wenye visiagi wawili wakikutana, habari za starta laini hazikosekani. Ni kisanduku cha kielektroniki kinachofungwa kati ya nyaya za umeme na mota ya fezi tatu, na kazi yake ni kuinua volti polepole badala ya kuzimwaga zote kwa mkupuo. Swali ninaloulizwa ni moja: nikikinunua, mota yangu haitaungua tena? Jibu langu huwaudhi wengine, lakini sijapata lililo bora: niambie kwanza mota yako iliyotangulia ilikufa kwa nini.

Nilijifunza kuuliza hivyo kwa mjomba wangu. Alikuwa na kisiagi cha hospawa 20 kando ya barabara iendayo Majanji, na katika miaka miwili mota ikamwungulia mara tatu. Kila mara ilisukwa upya, kila mara aliambiwa mzigo ulizidi. Mara ya tatu ilikwenda kwa fundi mzee ambaye, kabla ya kung'oa waya hata mmoja, alituita tuinamie mota iliyofunguliwa. "Angalieni rangi," akasema. Theluthi moja ya koili ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Theluthi mbili zilikuwa safi, vanishi yake bado inang'aa. Zile nyeusi zilikuwa zimepangana kwa nafasi sawa kuzunguka duara. Hiyo, akatueleza, ni mota iliyofungwa delta ikakimbizwa na fezi mbili. Haikuuawa na kuwashwa, wala na mahindi. Tulipofungua starta tukakuta kontakta yenye mguso mmoja ulioliwa hadi shaba. Mjomba alikuwa amekwisha kuanza kuweka pesa za starta laini. Pesa hizo zilinunua kontakta mpya na rilei ya kulinda fezi, na chenji ikabaki.

Basi jifunze kuisoma maiti ya mota kabla fundi hajaivua nguo. Koili za fezi moja zikiwa nyeusi na mbili salama, na mota ni ya delta, ilipotelewa na fezi. Ikiwa imefungwa nyota, kupotelewa na fezi huunguza mbili na kuacha moja. Zote zikiwa nyeusi kwa usawa, hapo ndipo tuzungumze mzigo uliozidi, volti ndogo, au kuwasha kulikochukua muda mrefu mno au kulikorudiwa mara nyingi. Doa moja tu likiwa limeyeyuka na kwingine kuzima, tafuta radi, unyevu, au beringi iliyolegea mpaka rota ikaanza kusugua. Starta laini ni dawa ya baadhi ya magonjwa haya, si ya yote.

Sasa tuje kwenye ule ugonjwa ambao ni dawa yake hasa.

Mota ya hospawa 20 ni kilowati 15. Ikiwa na mzigo wake kamili kwenye volti 415, hula kama ampea 28 kwa kila fezi. Lakini ikisimama tuli halafu ikapewa volti zote kwa ghafla, huvuta mara sita hadi nane ya hapo kwa sababu rota isiyozunguka haina cha kuuzuia mkondo. Chukua mara sita tu: ampea 170. Sasa tazama transfoma iliyo juu ya nguzo yako. Ikiwa ni ya kVA 50, uwezo wake wote ni ampea 70 kwa fezi. Kila asubuhi unaidai zaidi ya mara mbili ya ilichonacho, na kinyozi analipa riba. Nyaya ndefu zenye hali duni kutoka kwenye transfoma hadi kwako huongeza upungufu juu ya upungufu.

Inachekesha na kusikitisha kidogo kwamba haya hutokea hapa. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa 1954, na kufikia 1958 umeme wake ulikuwa ukipita Tororo kuvuka mpaka kwenda Kenya kwa laini kubwa ya Lessos. Kwa hiyo pande hizi zimeishi chini ya nyaya nene kwa zaidi ya nusu karne. Lakini kilicho juu ya minara si kilicho mlangoni kwako. Mtu wa mwisho wa laini ndogo anapata kilichobaki baada ya wote waliomtangulia.

Mkondo huo mkubwa una madhara mawili. La kwanza ni joto. Kihami cha waya huzeeka kwa joto, na mafundi wana kanuni ya zamani kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazozidi hupunguza nusu ya umri wake. La pili ni la kimwili: koili hutikiswa, zikivutana na kusukumana ndani ya mifereji yake, shafti hupigwa msokoto, mikanda hulia na kuteleza juu ya puli, beringi hupokea kofi. Ukiona kisiagi kinakula mikanda kila baada ya miezi michache ingawa umeikaza sawasawa, kofi hilo la asubuhi ndilo mshtakiwa wa kwanza.

Starta laini hufanya nini? Ndani yake kila fezi ina thairista mbili zilizogeuziana migongo. Thairista ni kama lango linaloweza kufunguliwa katikati ya kila wimbi la umeme. Mwanzoni lango hufunguliwa kwa kuchelewa, kipande kidogo tu cha wimbi kikapita. Kisha hufunguliwa mapema zaidi na zaidi hadi wimbi lote linapita. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo kazi hii inafanyika mara mamia kabla mota haijafika mwendo wake. Mwishoni, katika starta nzuri, kontakta ya pembeni hujifunga na kuzipumzisha thairista.

Ukianza na nusu ya volti, mkondo unakuwa takriban nusu pia: badala ya ampea 170 unavuta 85. Kinyozi anafurahi. Lakini hapa kuna hesabu ambayo muuzaji mwenye haraka hakwambii: nguvu ya kuzungusha haishuki nusu, inashuka hadi robo, kwa kuwa inafuata volti mara volti. Ulaini unaununua kwa nguvu. Mota iliyokuwa na ubavu wa kuondoka na mashine iliyojaa nafaka sasa inaweza kubaki inavuma tu pale pale, ikijipika.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa mwenye kisiagi haina gharama yoyote: washa mashine ikiwa tupu. Najua unajua. Lakini nazungumzia siku ile umeme unapokatika katikati ya debe la mama mmoja, chumba cha nyundo kikiwa kimejaa mahindi nusu-unga. Umeme unarudi, foleni ni ndefu, watoto wanalia, kijana anabonyeza kitufe cha kijani bila kufungua mlango wa mashine. Hilo nililiona kwa macho yangu mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, maana kijana mwenyewe aliwahi kuwa mimi. Funga kifuniko cha hopa, fungua chumba, kwangua, zungusha puli kwa mkono (swichi kuu ikiwa imezimwa) mpaka ijiendee, ndipo uwashe. Hakuna starta ya aina yoyote inayosamehe mashine iliyokabwa.

Wengi watasema: mbona nina staa-delta, starta inayowasha mota kwenye nyota kisha kuihamishia delta, na yenyewe inapunguza? Kweli inapunguza, na sitaki kuidharau. Kwenye nyota mkondo wa kuwashia hushuka hadi theluthi, na nguvu ya kuzungusha vilevile theluthi. Kwa kisiagi kinachowashwa tupu, staa-delta iliyofungwa vizuri yenye kontakta tatu nzima na saa yake ni kifaa cha heshima, na fundi yeyote wa Busia au Tororo anaweza kuitengeneza kwa vipuri vya dukani. Udhaifu wake ni ule mruko wa katikati. Ikigeuka kwenda delta kabla mota haijafika mwendo, mkondo huruka tena karibu kama wa kuwasha moja kwa moja. Kofi linakuja kwa awamu mbili. Nimewahi kukuta saa imewekwa sekunde mbili kwa kinu kizito kinachotaka kumi. Kuigeuza kwa bisibisi kulichukua dakika moja.

Jambo jingine la staa-delta liko kwenye kibati cha mota, na limeua mota nyingi. Kibati kikiandika volti 400 kwa delta na 690 kwa nyota, staa-delta inafaa. Kikiandika 230 kwa delta na 400 kwa nyota, mota hiyo kwetu ni ya nyota tu. Ukiipeleka delta umeiua. Starta laini haina mtego huu: inataka nyaya tatu tu kwenda kwenye mota, iwe imefungwa nyota au delta kadiri kibati kinavyotaka. Na ukiwa umo kwenye kibati, soma volti zenyewe. Mota nyingi zilizotengenezwa China zimeandikwa 380. Umeme wetu, Uganda na Kenya, ni 415. Hiyo ni ziada ya asilimia 9 kabla hujafika usiku wa manane ambapo watu wamelala na volti zinapanda. Mota ya namna hiyo huwa moto hata ikiwa haisagi kitu. Starta laini haitaisaidia, kwa sababu ikishamaliza kupandisha, inapitisha umeme wote kama ulivyo.

Hapa niseme jambo ambalo limenigombanisha na wauzaji. Inasemwa kwamba kuwasha polepole kunapunguza joto ndani ya mota. Kwa kisiagi, si kweli sana. Kinu cha nyundo ni gurudumu zito. Ili lifike mwendo wake, rota lazima imeze joto linalokaribia kulingana na nguvu iliyowekwa katika gurudumu hilo, uwashe kwa kofi au kwa kubembeleza. Starta laini hulisambaza joto hilo katika sekunde nyingi zaidi, hailifuti. Ukizidisha ubembelezaji, ukaweka sekunde 40 ukidhani ni upole, unaongeza joto. Faida yake ya kweli ni nyaya, transfoma, mikanda, shafti, beringi, na koili kutotikiswa. Ni faida kubwa. Iseme hivyo hivyo, usiipambe.

Na bili? Hapana. Sekunde kumi za kuwasha ni tone katika saa nane za kusaga. Hata kwa wateja wakubwa wanaotozwa kwa mahitaji ya juu, mita hupima wastani wa dakika nyingi, si mruko wa sekunde. Dhana kwamba kifaa cha thairista kinapunguza bili ina ukoo wa heshima: mhandisi wa NASA, Frank Nola, alipata hataza mwaka 1977 ya kifaa cha kupunguza volti kwa mota inayozunguka bila mzigo. Mota ndogo isiyo na mzigo inanufaika. Kisiagi chenye foleni ya wanawake ishirini siku ya soko hakiko bila mzigo. Ukiahidiwa nusu ya bili, msindikize muuzaji hadi barabarani kwa adabu.

Pampu za maji ni habari nyingine, na hapo mimi ni mtetezi wa starta laini bila kusita. Anayevuta maji kupeleka tangi lililo kilimani anajua ule mlio wa bomba kama limepigwa nyundo pampu inapozimwa: maji yaliyokuwa yakipanda yanarudi na kugonga vali. Starta laini inaweza kuzima polepole pia, sekunde kumi hadi ishirini, maji yakatulia yenyewe. Viungo vya mabomba vitakushukuru. Tahadhari moja kwa pampu za kuzamishwa kisimani: beringi yake ya chini hulainishwa na maji yenyewe na inahitaji mwendo haraka, kwa hiyo kupanda kusizidi sekunde tatu hivi. Ukiipigia hesabu za kisiagi, sekunde kumi na tano, utaitoa kisimani kabla ya wakati wake.

Kama laini yako ni ya fezi moja tu, na vijiji vingi ni hivyo, starta laini haizalishi fezi mbili zilizokosekana. Unachotafuta ni inveta inayobadili mwendo, nayo kwa mota ndogo tu. Na kama unataka kubadili kasi ya mashine wakati inafanya kazi, vilevile ni inveta. Nisiendelee na hilo, ni makala yake.

Linalonifanya nisite kumwambia kila mtu wa pande hizi anunue ni radi. Tororo si mji wa kawaida kwa mambo hayo. Kati ya 1967 na 1976 ilirekodiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, na rekodi hiyo ikaingia kwenye kitabu cha Guinness. Siku 251! Ziwa Victoria liko karibu, joto la mchana lipo, na mawingu hayachoki. Kontakta ya kizamani ni chuma na shaba. Radi ikipiga mbali kwenye laini, kontakta hucheka. Thairista na ubao wake wa kielektroniki havicheki. Anayefunga starta laini Lunyo, Busia au Tororo bila kizuia mawimbi ya radi kwenye ingizo la umeme na bila waya wa ardhini uliopimwa, ananunua kifaa cha msimu mmoja. Waya wa ardhini si msumari uliochomekwa kwenye mchanga mkavu nyuma ya jengo. Upimwe, na kiangazi upimwe tena. Wingu likikusanyika zima swichi kuu, hata kama foleni italalamika.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiitupe starta ya zamani. Ifute vumbi, ifunge gazeti, iweke juu ya dari. Siku kisanduku cha kisasa kitakapozima, na kipuri chake hakipo Busia ya Uganda wala ya Kenya, starta hiyo ndiyo itakayokusagia hadi kipuri kifike.

Sasa tuseme umepima, umeona, na umeamua kununua. Nunua kwa ampea, si kwa hospawa iliyoandikwa kwenye boksi. Soma ampea za mota kwenye kibati, kisha eleza dukani kwamba ni kinu cha nyundo, mzigo mzito wa kuanza. Starta ile ile inayotosha pampu ya ampea 30 inaweza kuwa ndogo kwa kinu cha ampea 30. Kwa kisiagi panda daraja moja. Uliza inaruhusu kuwasha mara ngapi kwa saa. Uliza inadhibiti fezi zote tatu au mbili tu. Zile za mbili ni nafuu, zinafaa pampu ndogo, lakini kwa kinu ningelipia za tatu. Uliza kama ina baipasi ndani, yaani ile kontakta ya pembeni inayozipumzisha thairista, maana isiyo na baipasi hutoa joto la kama wati tatu kwa kila ampea muda wote mashine inapozunguka. Kwa ampea 28 ni kama kufungia balbu ya zamani ya wati 80 ndani ya kisanduku. Tena vifaa vingi vimekadiriwa kwa mwinuko wa mita 1,000. Ziwa Victoria lenyewe liko kwenye mita 1,134 hivi, na sisi tuko juu ya ziwa. Hewa nyembamba hupoza kwa udhaifu kidogo. Ni sababu nyingine ya kutokunywa kifaa hadi tone la mwisho.

Unga ndio adui wa pili baada ya radi. Unaingia kwenye mapezi ya kupozea, unanyonya unyevu, unakuwa uji, kisha saruji. Funga kisanduku nje ya chumba cha kusagia, kwenye ukuta wa kivuli upande wa pili, chenye mlango unaobana na mpira, na ziba tundu za nyaya mjusi asipate makazi. Kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa, pulizia.

Kufunga ni kazi ya fundi mwenye kibali, lakini wewe simama ukiangalia mambo manne. Mbele ya starta laini pawe na breka au fyuzi na swichi ya kukatia kabisa, kwa sababu thairista zilizozimwa bado huvujisha umeme: mota iliyosimama si mota iliyokufa, na anayebadilisha mkanda kwa kuamini taa nyekundu anaweka roho yake rehani. Pili, kapasita za kurekebisha umeme zisiwekwe kamwe kati ya starta na mota. Tatu, fundi akitaka kupima kihami cha mota kwa mega, aichomoe mota kwanza. Volti 500 za mega zikipita kwenye starta, utanunua nyingine. Nne, vitufe viunganishwe kwa namna ambayo umeme ukikatika na kurudi, mashine haijiwashi yenyewe. Mkono wa mtoto unaweza kuwa ndani ya hopa.

Kuhusu kuipanga, anza na volti za mwanzo asilimia 40, muda wa kupanda sekunde 10, na kikomo cha mkondo mara tatu na nusu ya ampea za kibati. Washa mashine tupu, macho kwenye puli. Inapaswa kuanza kusogea ndani ya sekunde ya kwanza au ya pili. Ikivuma bila kusogea, zima, ongeza volti za mwanzo hadi 45, kisha 50. Ikifika mwendo wake kabla ya muda kuisha, vizuri. Ikiwa muda umeisha na bado inajikokota halafu inaruka, ongeza sekunde chache au pandisha kikomo. Mfanye mtu mmoja asimame kwa kinyozi akuambie taa. Kisha zuia kijana asiwashe tena na tena kwa kujifurahisha. Kila jaribio ni joto, subiri dakika kadhaa kati ya moja na jingine.

Halafu weka ulinzi wake: ampea za ovalodi ziwe zile za kibati, si zile ambazo breka "haisumbui". Washa ulinzi wa kupotea fezi. Ulinzi wa fezi kutolingana uwashwe pia, lakini ujue maana yake. Ukipima 410, 402 na 388, wastani ni 400 na iliyopotoka zaidi imepotoka 12, yaani asilimia 3. Mafundi huzidisha asilimia hiyo kwa yenyewe, kisha mara mbili: joto la mota limepanda kama asilimia 18 bila wewe kuongeza hata kisaga kimoja cha mahindi. Tofauti ya volti ikizidi asilimia 5, usisage. Starta itaanza kukukatia na utaichukia. Fundi wa haraka atakushauri uuzime ulinzi huo. Usikubali. Andika vipimo hivyo, saa na tarehe, kwa siku saba, upeleke kwa msambazaji: Uganda ni UEDCL, iliyochukua kazi tarehe 1 Aprili 2025 baada ya miaka 20 ya Umeme, ng'ambo ya mpaka ni Kenya Power. Malalamiko yenye namba za siku saba husikilizwa tofauti na yale ya "umeme wenu ni mbovu".

Kama huna klampu mita, azima kabla ya kununua chochote. Kesho asubuhi, mashine ikishachangamka na nafaka inapita, pima ampea za fezi ya kwanza, ya pili na ya tatu, uziandike kwa kalamu ya rangi ubavuni mwa kisanduku, chini ya ampea za kibati. Fundi akija, azikute pale.